Kabla Mashine Haijaingia Nyumbani

Mwanangu, nimesikia umelipwa zile fedha za tangazo, na sasa hulali, unaangalia video za watu wa Ulaya waliozungukwa na mashine za muziki kutoka sakafuni hadi darini. Hamu hiyo naijua na siilaumu. Anayependa sauti akiona chombo kipya lazima moyo umdunde. Ninachokuomba ni kitu kimoja: kabla hujatoa hata shilingi, chukua karatasi uandike wimbo gani unakushinda leo kwa sababu chombo hicho huna. Usiniandikie aina ya muziki, niandikie wimbo. Kama hakuna wa kuutaja, fedha zikae benki.

Nasema hivi kwa sababu nimeingia studio nyingi za vijana wa mji huu, Temeke, Manzese, Tandale, na ugonjwa nilioukuta ni mmoja. Kompyuta imejaa mafaili ya biti zilizoishia ubeti wa kwanza. Nyimbo zilizokwisha ni za kutafuta kwa tochi. Kijana anaamini kinachomkwamisha ni mashine. Ikija, anapitia sauti zilizowekwa na kiwanda, ya kwanza hadi ya mwisho, anazirekodi kwenye simu na kuwarushia rafiki zake. Shauku ikipoa, mafaili yapo palepale, na yeye ameshaanza kutaja jina la mashine nyingine. Kumaliza wimbo ni kazi ya masikio na ya kuamua: kipi kibaki, kipi kitolewe, kiitikio kiingie wapi. Hiyo haiuzwi Japani wala Ujerumani.

Tazama kwetu hapa. Muziki wa mchiriku ulisimama juu ya vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei nafuu ambavyo mtu hununuliwa ili ajifunzie. Wazee wenzangu wa uswahilini wakaviunganisha na vikuza sauti chakavu na spika za honi, wakaviwekea ngoma zenye asili ya Uzaramo. Sauti ilitoka inakwaruza, na ule mkwaruzo ndio uliowatoa watu majumbani wakakesha nao. Kundi la Jagwa Music limepiga hivyo tangu miaka ya 1990, na mwaka 2012 albamu yake, Bongo Hotheads, ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Wazungu walikuja kutafuta kile ambacho vijana wetu leo wanakionea aibu.

Jamaika nako ni Casio. Kinanda aina ya MT-40, cha mwaka 1981, kilikuwa na mdundo wa roki uliopangwa kiwandani na Okuda Hiroko, binti aliyeajiriwa mara baada ya kumaliza chuo cha muziki. Noel Davey na Wayne Smith wakauona una kitu, wakaupeleka kwa mtayarishaji King Jammy, naye akaupunguza mwendo. Mwaka 1985 ukatoka "Under Mi Sleng Teng", na tangu hapo muziki wa Jamaika ukaegemea mashine.

Najua utanijibu kwa habari za Roland TB-303, maana unaipenda. Mashine ile iliundwa ili mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate besi ya kumsindikiza. Kwa kazi hiyo haikumridhisha mtu, na mwaka 1984 Roland wakaacha kuitengeneza, zikawa zinauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakachukua moja, wakawa wanazungusha vitufe vyake huku inapiga, ikalia sauti ambayo kitabu cha maelekezo hakikuitaja. Mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks". Je, walikuwa na wimbo kichwani walipoinunua? Hawakuwa nao, na hilo nakukubalia. Lakini walikuwa na mashine moja mbele yao na subira ya kuibana mpaka iseme, na walijua wanapiga kwa ajili ya nani: kulikuwa na klabu, Music Box, na DJ wake, Ron Hardy, ambaye aliupiga wimbo ule kabla haujawa santuri. Kama wewe huna wimbo lakini una ukumbi na watu wake, kanunue. Kama huna vyote viwili, subiri.

Tuseme karatasi umeiandika na sababu unayo. Sasa tuongee umeme, maana hapo ndipo vijana wanapolia.

Vyombo vingi vya mitumba vinatoka Japani, na umeme wa kule ni volti 100. Wetu ni 230. Usichomeke chochote kabla hujakigeuza na kusoma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa 100V, tafuta transfoma ya kushusha umeme, na wati zake zizidi zile zilizoandikwa kwenye chombo. Kama kinatumia adapta, karibu na tundu kuna mchoro mdogo: nukta katikati, nusu duara inayoizunguka, na alama za kujumlisha na kutoa zikiwa kila moja upande wake. Mchoro huo unakuambia kati ni chanya au ni hasi. Viwanda havikukubaliana. Pedali nyingi za Boss zinataka hasi katikati, vinanda vingi vya Yamaha vinataka chanya. Plagi itaingia vizuri kabisa, volti zitalingana, na chombo kitakufa ukikitazama. Kila adapta ifunge karatasi ya gundi yenye jina la chombo chake, leo, si kesho.

Kinanda cha zamani kijaribu dukani kabla hujalipa. Bonyeza kila kibonyezo, kwa nguvu na kwa wepesi. Zungusha kila kitufe polepole usikilize kama kinakwaruza. Hifadhi sauti moja, kizime, kiwashe tena uone kama ipo, kwa kuwa vinanda kama Yamaha DX7 ya mwaka 1983 hutegemea betri iliyo ndani kutunza kumbukumbu. Muuzaji asiyetaka ujaribu, mwage kwa heri.

Wewe unapiga singeli, basi nikuonyeshe hesabu moja. Kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, pigo moja linachukua milisekunde 250, na lile pigo dogo, robo yake, ni 62 na nusu. Kompyuta yako ikiwa imewekwa kukusanya sampuli 1,024 kwa mkupuo, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kila mkupuo ni kama milisekunde 23. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya pigo lako dogo. Unabonyeza, sauti inakuja nyuma yako, unadhani mkono wako mzito. Ukishusha hadi sampuli 256 inabaki kama 6, na mkono unarudi. Laptop ikishindwa kwenda huko bila kukatakata sauti, unachohitaji ni saundi kadi nzuri ya nje, kabla ya sinthesaiza yoyote. Na kabla ya hiyo, hedifoni unayoiamini. Hakuna atakayekupiga picha ukiwa na saundi kadi, lakini kazi yako yote inapita hapo.

Kisha chora ramani. Karatasi ileile, upande wa pili. Kila chombo kiwe kijisanduku, waya kila mmoja uwe mstari, na ndani ya kisanduku andika kazi moja: huyu besi, huyu ngoma, huyu sauti za juu. MIDI ina chaneli 16 kwenye waya mmoja, basi andika namba ya kila chombo, usije ukabonyeza besi zikalia mbili. Andika pia nani anashika saa. Saa ya MIDI inatuma mapigo 24 kwa kila pigo la muziki, na mashine mbili zikituma kwa pamoja, wimbo utayumba na utamlaumu fundi bure. Ramani ikikuonyesha chombo kisicho na kazi, hicho usikinunue. Ikikuonyesha umepungukiwa waya tatu, nenda Kariakoo kanunue waya, na huenda ukakuta hiyo ndiyo iliyokuwa shida yako miezi yote.

Kikishafika, kiache peke yake. Zima vingine. Tengeneza wimbo mzima kwa sauti za chombo hicho tu, ngoma zikiwemo, hata kama hakikuumbwa kwa ngoma. Soma kitabu chake cha maelekezo ukiwa umekiwasha mbele yako, ukurasa kwa ukurasa. Nimeona vijana wenye mashine ya milioni kadhaa wasiojua ukurasa wa pili wa menyu yake.

Fedha. Usiguse mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, kwa ajili ya chombo cha muziki. Nakusihi kama mzazi. Muziki hauna tarehe ya mshahara, mkopo una ya marejesho, na watakachokuja kubeba ni hicho chombo pamoja na godoro la mama yako. Mtu anayedaiwa hapigi muziki wake, anapiga wa yeyote mwenye elfu ishirini.

Na kama mnachanga watatu, kama nilivyosikia, kaeni chini kabla ya kwenda dukani muandike mkataba na kila mmoja aweke sahihi. Mashine italala kwa nani? Ikiharibika nani analipa? Mmoja akitoka atapewa fungu lake au ataondoka mikono mitupu? La mwisho mnalisahau nyote: biti zinazotengenezwa humo si mali ya mwenye mashine kwa sababu tu mashine ni yake. Ni mali ya aliyezibuni. Majina ya wabunifu yaandikwe kwenye kila faili siku ileile linapofungwa, na mkazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla wimbo haujaenda redioni, wakati bado mnapendana.