Umeme wa Dakika Ishirini

Mzee huyu aliendesha basi namba 177 kwa miaka mingi, Thamesmead hadi Peckham na kurudi, kupitia Plumstead, Woolwich na Greenwich. Ni mzaliwa wa Mombasa. Kisa chake ni cha kutunga, na ndiyo maana hapewi jina; lakini mashine itakayoingia humu, namna inavyofanya kazi na wanasayansi watakaotajwa si wa kutunga.

Kiharusi kilimkuta mezani, kikombe cha chai mkononi. Kikombe kikaanguka, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayaeleweki. Mkewe hakumkanda mafuta wala hakungoja mwanawe arudi kazini. Alipiga 999. Katika kisa chote hiki hakuna aliyefanya jambo la maana kulishinda hilo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwa kila dakika ambayo mshipa mkubwa umeziba, ubongo hupoteza seli za neva zinazokadiriwa kufika milioni 1.9. Familia za watu weusi London zina sababu ya ziada ya kuzijua dalili hizo. Rejesta ya Kiharusi ya London Kusini, inayofuatilia wagonjwa wa Lambeth na Southwark tangu 1995, imeonyesha mara nyingi kwamba watu weusi hupatwa zaidi kuliko Wazungu, na hupatwa wakiwa na umri mdogo zaidi, tofauti ikiwa kama miaka kumi.

Mkono ulirudi. Mguu ukarudi, ingawa kwa kusitasita. Kumbukumbu ndiyo iliyobaki nyuma.

Haikuwa imepotea yote, na hilo liliwachanganya watu wa nyumbani. Ya zamani alikuwa nayo, na majina ya madereva wenzake. Ya asubuhi ile hayakushika. Angempigia simu dada yake Mombasa, wazungumze nusu saa kuhusu harusi ya mjukuu, kisha baada ya muda ampigie tena kumpa habari ya harusi ile ile. Katika swala alipoteza hesabu ya rakaa, akasujudu sijda ya kusahau, halafu akasahau kwamba ameshaisujudu. Na Thamesmead alikoishi haikumsaidia. Mji huu ulijengwa na Greater London Council juu ya kinamasi, kwenye ardhi iliyokuwa ya karakana kuu ya silaha ya Woolwich, na wakazi wa kwanza walihamia 1968. Kwa kuwa mafuriko ya 1953 yalikuwa hayajasahaulika, nyumba nyingi za mwanzo zilijengwa bila vyumba vya kuishi ghorofa ya chini, na watu wakawekewa njia za zege huko juu, jengo hadi jengo. Mtu mzima mwenye akili timamu alikuwa akipotea humo. Sasa sehemu kubwa ya zege lile imebomolewa na mpya inapanda. Basi mzee alitoka kununua mkate Tavy Bridge, kwenye maduka ambayo yameshavunjwa siku nyingi, akasimama mbele ya majengo asiyoyajua huku akiwaambia wapita njia kwamba wamekosea wao.

Mtaalamu wa tiba kazi aliyekuwa akija nyumbani alileta vitu visivyovutia hata kidogo: daftari la kuandika kila kinachotokea, kengele za simu, kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba, na agizo la kwenda dukani kwa njia moja tu kila siku mpaka miguu iizoee. Mwongozo wa kitaifa wa tiba ya kiharusi nchini Uingereza unasisitiza mbinu za namna hiyo kwa mwenye tatizo la kumbukumbu. Mwanawe aliziona ni dharau.

"Baba si mtoto wa chekechea, Mama. Hivi kweli hospitali za Ulaya hazina kitu zaidi ya daftari?"

Mwana huyu hakuwa mjinga. Alifanya kazi ya usiku kwenye ghala huko Belvedere, na saa za mapumziko alisoma. Alichokikuta kwenye simu hakikuwa cha waganga wa mitishamba. Ilikuwa sayansi yenyewe. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba mkondo hafifu wa umeme, wa kiasi cha miliampia moja tu, ukipitishwa kichwani kupitia sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, unabadilisha wepesi wa sehemu ya ubongo kuitikia, na kwamba badiliko hilo linabaki kwa dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa. Hakuna kisu wala nusukaputi. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimeujaribu kwa sonona, kwa maumivu, kwa mkono uliopooza, kwa lugha iliyopotea, na ndiyo, kwa kumbukumbu baada ya kiharusi. Kipimo cha kawaida ni miliampia moja au mbili, dakika ishirini. Kifaa chenyewe ni betri, nyaya na sponji. Yeyote anaweza kukiunda, na yeyote anaweza kukiuza.

London ina historia ndefu na jambo hili, na laiti kijana angeanzia hapo. Mwaka 1836 hospitali ya Guy's ilimkabidhi daktari kijana, Golding Bird, chumba cha tiba ya umeme. Bird alikuwa makini: alichagua wagonjwa, akaandika matokeo, akakiri palipofeli. Kisha akatokea Pulvermacher na minyororo yake ya umeme ya kuvaa mwilini. Bird akamwandikia barua ya kumtambulisha kwa madaktari wenzake, na barua ile ikageuka tangazo la biashara. Daktari alilalamika hadharani, lakini jina lilikuwa limeshatumika. Miaka ya 1880 na 1890 C. B. Harness aliuza mikanda yake ya umeme Oxford Street, mikanda iliyodaiwa kutibu karibu kila kitu kinachouma binadamu, hadi gazeti la Pall Mall Gazette lilipomfichua mwaka 1893. Biashara hii haijawahi kuishi kwa uongo mtupu. Huishi kwa ukweli wa mtu mwingine, uliokatwa mahali panapofaa.

Tangazo alilolisoma kijana lilikuwa limekatwa vivyo hivyo. Lilitaja utafiti wa kweli, likaacha kusema kwamba waliofanyiwa walikuwa vijana wazima wa chuo kikuu. Akanunua. Kifurushi kilipofika, mama alikigeuzageuza.

"Hiki daktari amekikubali?"

"Mama, ni umeme mdogo kuliko wa tochi. Hauui."

Hakujibu alichoulizwa, lakini alikuwa na haki kwa upande mmoja: katika majaribio yenye usimamizi, mkondo huu kwa kawaida umeleta madhara madogo tu, kuwashwa chini ya sponji, ngozi kuwa nyekundu, kichwa kuuma. Ndiyo maana mtu huuamini upesi. Hatari ya mzee ilikuwa mahali pengine.

Kwanza, kichwa chake hakikuwa kichwa cha kwenye mchoro. Palipokufa ubongo hubaki shimo lenye majimaji, na majimaji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko nyama ya ubongo iliyo jirani. Mkondo hufuata njia rahisi. Sponji inayowekwa juu ya kipaji cha kushoto kwa kuiga picha inaweza kupeleka umeme kusikokusudiwa, na sehemu kubwa yake haipenyi hata fuvu. Mwaka 2016 György Buzsáki wa New York aliripoti, baada ya kupima kwenye maiti, kwamba mwingi hupotelea kwenye ngozi ya kichwa. Tena kuna wagonjwa wa kiharusi wanaopata kifafa baadaye, na wengine wana chuma kichwani au kifaa cha moyo kifuani. Watafiti huuliza hayo kabla ya kufungua sanduku. Tangazo halikumuuliza mzee lolote.

La pili ndilo lililomwangusha kijana. Umeme huu haumimini kumbukumbu kichwani. Haulazimishi hata seli kufyatuka; unazisogeza tu karibu na kufyatuka au mbali nako. Ni mfano wa mtu anayepita darasani akiwaamsha wanafunzi waliosinzia: mwalimu asipoingia, wameamshwa bure. Ndiyo sababu watafiti wengi huambatanisha mkondo na mazoezi, mgonjwa akishika orodha za maneno au akitambua nyuso wakati sponji ziko kichwani. Mzee alivalishwa mashine akakalishwa mbele ya televisheni kutazama mpira. Alipozizoea dakika ishirini za asubuhi, wakamwongezea ishirini za jioni, kwani tangazo lilisema hauna madhara.

Sasa tazama ilivyokuwa, maana hapa ndipo wengi wananaswa. Mzee alipata nafuu. Alianza kukumbuka jina la nesi. Siku moja alisema yeye mwenyewe kwamba kesho ni Ijumaa. Nyumba nzima ikafurahi, video ikatumwa Mombasa, na dada yake akalia kwa furaha. Hakuna aliyekumbuka alichosema daktari hospitalini, kwamba miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ubongo hujirekebisha wenyewe kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Ili kutenganisha nafuu ya mashine na nafuu ya siku, watafiti huwapa nusu ya wagonjwa mashine ya kiini macho: inawaka kwa nusu dakika hivi, mtu anahisi kuwashwa, kisha inazima kimya kimya. Nao hao hupata nafuu. Mapitio ya Cochrane ya 2020 yaliyokusanya majaribio kwa waliopata kiharusi yaliona dalili kwamba umeme huu unaweza kusaidia shughuli za kila siku. Kwa upande wa akili na kumbukumbu hayakupata ushahidi wa kutegemewa.

Nafuu ikaleta ukarimu wa aina mbaya. Daftari likawekwa juu ya friji. Kengele za simu zikazimwa kwa kuwa zilimkera. Miadi ya kliniki ikagongana na zamu ya kijana, naye akaiahirisha, akiamini tiba yenyewe iko nyumbani. Na dawa? Mzee akiulizwa alijibu kwa uhakika wa dereva anayeijua ratiba yake: "Nimeshameza." Walimwamini, si kumbukumbu zimerudi?

Aliyegundua ni mfamasia. Maduka ya dawa mengi Uingereza hupima presha bure kwa waliovuka miaka 40, na mama alikuwa ameingia na mzee kutafuta dawa ya kupaka, kwani ngozi ya kipaji cha mzee ilikuwa imebabuka. Sponji ilikaukia kichwani kipindi cha pili cha mpira kikiendelea. Mfamasia akatazama jeraha, akauliza, akamkalisha mzee, akampima presha: 192 kwa 108. Akapima tena. Akataka kuona kisanduku cha dawa. Kilikuwa chumbani, vyumba vyote saba vimejaa, na chini yake pakiti za wiki za nyuma hazijafunguliwa.

Mzee alirudishwa hospitali siku ile ile na kiharusi cha pili hakikuja. Ilikuwa bahati, wala sitaki kuipamba.

Mtaalamu wa tiba kazi aliporudi hakugomba. Aliigeuza mashine mkononi, kisha akauliza swali moja: "Ikiwa kichwani, yeye alikuwa anafanya nini?" Kijana akanyamaza. Kisha mtaalamu akaeleza kwamba hata wanaofanya utafiti huu wana hofu nao ukiwa mikononi mwa watu majumbani. Mwaka 2016 wanasayansi 39 walitia sahihi barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology, wakionya kwamba mkondo hugusa zaidi ya pale unapolengwa na kwamba watu wawili wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa. Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford walikuwa wameonyesha mwaka 2013 kwamba unaweza kunoa uwezo mmoja na kuufifisha mwingine kwa wakati huo huo: waliochochewa sehemu moja ya ubongo walijifunza upesi alama mpya za namba, lakini kuzitumia bila kufikiri kukawa kugumu.

"Kwa hiyo ni uongo?" kijana akauliza.

"Si uongo. Haujaiva. Ukitaka baba aingie kwenye utafiti, tutatafuta pamoja. Mtapewa maelezo kwa maandishi, hamtatozwa pauni hata moja, mtaulizwa maswali mengi kabla hajaguswa, na mnaweza kujitoa siku yoyote. Kinachouzwa kwa kadi si utafiti."

Dakika ishirini hawakuzifuta kwenye ratiba. Mjukuu huketi na babu baada ya shule, simu imezimwa, daftari wazi, na wanapita vituo vya 177 kimoja kimoja. Vya zamani babu anavijua. Kazi ni kuvipachika vipya, kituo cha Abbey Wood kilivyo tangu reli ya Elizabeth ifunguliwe 2022, njia ya kwenda dukani pasipo Tavy Bridge. Siku nyingine vitu vitano vinashika, siku nyingine hakuna. Dawa humezwa mbele ya mama, naye hutia alama.

Shangazi wa Mombasa ndiye asiyeridhika. Jirani yake amepata kiharusi, na ile video ya furaha imezunguka mtaa mzima.

"Si uitie kwenye boksi, mwanangu? Hapo imekaa bure."

Kijana akamtumia mashine ya kupima presha, na ujumbe mrefu wa sauti wa kueleza kwa nini. Shangazi alishukuru. Wiki iliyofuata akamrushia tangazo la muuzaji wa Nairobi mwenye mashine ile ile, bei nafuu, na kuuliza kama hiyo nayo ni ya Ulaya.