Moyo Wapiga kwa Amri ya Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika darasa yetu ya Msambweni kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, nimesoma ya kwamba wataalamu huotesha nyama ya moyo ndani ya chombo, kisha huitia umeme ikapiga. Je, huko si kuumba?"

Jawabu lataka tujue kwanza lifanywalo. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirejesha seli za ngozi ya panya katika hali ya utoto wake, zikaweza kugeuzwa kuwa seli za namna nyingine. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Zikilelewa kuwa za moyo, huanza kupiga zenyewe, lakini ni dhaifu kama za mtoto aliye tumboni. Mwaka 2013 wataalamu wa Toronto, Kanada, walizilea juu ya uzi, wakazitia umeme mdogo na kuongeza kasi siku baada ya siku, zikazidi kukomaa.

Basi tazameni: ngozi hawakuiumba, wala mapigo hawakuyabuni. Umeme ule ni kama mwalimu wa chuoni amshikaye mtoto mkono ili aandike. Mkono hakuuumba yeye.

Lililo baya ni jingine. Ibn al-Nafis, tabibu Mwislamu aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu itokavyo moyoni kupitia mapafuni, na Wazungu hawakuyaandika hayo ila baada ya miaka kama 300. Leo sisi, mtoto akihema na kuvimba miguu, twasema ana pepo, twampigia ngoma. Mmoja wa hao nilimsalia jeneza. Maradhi yalianza kooni yakashukia moyoni, na koo lile lingalitibiwa kwa penisilini. Nami nilizisikia habari za ngoma ile, nikanyamaza. Nitaulizwa.

Enyi wazazi, msidharau koo la mtoto lenye homa; mpelekeni hospitali. Dua na dawa hazigombani. Na wasomesheni wana wenu, wake kwa waume, ilimu ya tiba, kwani ni faradhi ya kifaya: akikosekana wa kuisimamia, dhambi ni yetu sote.

Wabillahi tawfiq.