NENO LA SIRINI NA DHULMA YA DHAHIRI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, pamoja na aali zake na masahaba zake, twasema:

Katika darsa yetu tulikuwa tukisoma tafsiri ya Suratul Hujuraat. Tulipoimaliza aya ya 11, inayokataza watu kudharauliana, tukaingia aya ya 12, inayokataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Hapo kijana mmoja katika wanafunzi wetu, naye ni mchezaji wa mpira wa kikapu, aliinua mkono akauliza: "Maalim, mtu akitamka maneno ya dharau ndani ya nyumba yake, kisha maneno yale yakanaswa na kutangazwa ulimwengu mzima, ni nani aliyeivunja sura hii? Ni aliyesema au ni aliyetangaza? Na wale waliomwadhibu, wamefanya haki au wamefanya dhulma?" Akatupa mfano wa Donald Sterling, tajiri wa Marekani aliyekuwa mwenye timu ya Los Angeles Clippers. Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Jawabu langu halikunituliza moyo, na leo nataka kulikamilisha mbele ya wasomaji wetu, kwani swali hili si la Wamarekani peke yao.

Khabari yenyewe ni hii. Bwana huyu, mwanasheria na mwenye majumba mengi ya kupangisha katika mji wa Los Angeles, aliinunua timu ile mwaka 1981 kwa yapata dola milioni 12.5. Wachezaji wa mpira huo huko Marekani wengi wao ni watu weusi, na wa timu yake walikuwa vivyo hivyo. Tarehe 25 Aprili 2014 ikatangazwa sauti yake akizungumza faraghani na mwanamke aliyekuwa rafiki yake. Alikuwa akimlaumu kwa kujionyesha hadharani pamoja na watu weusi, na akimtaka asiwalete kwenye michezo ya timu yake. Kilichomkasirisha ni picha ambayo mwanamke yule alipigwa pamoja na Magic Johnson, mchezaji mashuhuri wa zamani.

Siku mbili baadaye wachezaji wake waliingia uwanjani, wakavua mavazi yao ya juu wakayatupa katikati ya uwanja, wakabaki na fulana walizozigeuza ndani nje ili jina la timu lisionekane. Wafanyabiashara waliokuwa wakijitangaza kwa timu hiyo wakaanza kujitoa mmoja baada ya mmoja. Tarehe 29 Adam Silver, mkuu wa chama cha NBA, ambaye alikuwa hajatimiza miezi mitatu katika kazi hiyo, akampiga marufuku maisha yake yote na kumtoza dola milioni 2.5, ndiyo faini kubwa kabisa iliyoruhusiwa na kanuni za chama. Na ilipofika tarehe 12 Agosti mwaka ule ule, timu ilikwisha uzwa kwa Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, kwa dola bilioni 2. Mzee yule akatoka na aibu, na ukoo wake ukatoka na mali.

Hapo ndipo wengi wanapoikomesha khabari hii. Sisi yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilimshitaki Sterling huyu huyu mahakamani. Ilidai kwamba katika majumba yake watu weusi na wazazi wenye watoto wadogo walikuwa wakinyimwa vyumba, na kwamba katika mtaa wa Wakorea walikuwa wakipendelewa Wakorea. Alikanusha, na kesi ikamalizika Novemba 2009 kwa mapatano: akakubali kulipa dola milioni 2.725 bila ya kukiri kosa. Wakati ule yalikuwa ndiyo malipo makubwa kabisa yaliyopata kutolewa kwa serikali hiyo katika kesi ya ubaguzi wa kupangisha nyumba. Mambo haya hayakuwa ya sirini. Yaliandikwa katika karatasi za mahakama na katika magazeti, na kila aliyetaka kuyasoma aliyasoma. Lakini chama cha mpira hakikumtoza hata senti moja kwa ajili yake. Hapana mchezaji aliyegeuza fulana, wala mfanyabiashara aliyejitoa. Na lililo ajabu zaidi, tawi la Los Angeles la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, lilimpa tuzo mwaka ule ule wa 2009, naye akiwa ni katika wanaolipa tawi hilo fedha. Likawa limejitayarisha kumpa tuzo nyengine Mei 2014. Sauti ilipotangazwa tuzo ikafutwa, na mkuu wa tawi akajiuzulu.

Katika waliolitambua jambo hili ni ndugu yetu katika dini Kareem Abdul-Jabbar, aliyesilimu mwaka 1968, naye ni katika wachezaji wakubwa kabisa wa mpira huo. Siku zile zile aliandika katika jarida la Time akiuliza ghadhabu za watu zilikuwa wapi wakati wa kesi za nyumba, na papo hapo akakilaumu kitendo cha kumnasa mtu sauti yake kwa siri. Wengi walishika moja katika mambo haya mawili wakaliacha la pili. Yeye aliyashika yote, na huo ndio uadilifu.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu, tulipime kwa mizani ya sharia.

Ama neno lenyewe, hapana shaka kuwa ni ovu, hata likisemwa gizani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Dharr, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimtukana mtu kwa mama yake, na wenye kusherehesha wasema kwamba mtu huyo ni Bilal. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumwambia kwamba lile ni neno tu limempotoka. Alimwambia kuwa ndani yake kungali na ujahiliya. Na Abu Dharr alikuwa ni katika waliotangulia kusilimu. Basi ikiwa ujahiliya waweza kujificha katika kifua cha sahaba mkubwa kama yule, ni nani miongoni mwetu atakayejidai kuwa amesalimika?

Ama kunasa siri ya mtu na kuitangaza, hilo nalo ni ovu. Imamu Ghazali katika Ihyaa ameitaja khabari ya Sayyidna Umar alipokuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ya mtu aimba ndani ya nyumba, akapanda ukuta akamkuta katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mwenyezi Mungu katika jambo moja, Khalifa amemwasi katika matatu: amepeleleza, ameingia kwa ukutani badala ya mlangoni, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Umar hakutumia nguvu za ukhalifa kumnyamazisha. Alimtaka aahidi kujirekebisha, akatoka akamwacha. Hata sheria ya jimbo la California, ambalo Los Angeles imo ndani yake, yakataza kunasa mazungumzo ya siri pasi na ridhaa ya wote wanaozungumza.

Huenda mtu akasema: basi chama kilimdhulumu, kwani kilimhukumu kwa ushahidi ulioibiwa. Tutamjibu kwamba si chama kilichopanda ukuta. Siri ilikwisha vunjika, na maji yakimwagika hayazoleki. Kila mwenye timu hujifunga kwa kanuni za chama kwa khiari yake, na mtu hushikwa kwa masharti aliyoyakubali. Tena wale wachezaji ni binadamu. Hawezi kuambiwa mtu avae kifuani jina la anayeona haya kuketi naye. Kwa hiyo adhabu ile, kwa rai yangu, haikuwa dhulma.

Lakini kutokuwa dhulma ni jambo moja, na kuwa uadilifu uliotimia ni jambo jengine. Tazama, ewe msomaji, hesabu hizi mbili: dola milioni 2.725 kwa kesi ya watu kunyimwa vyumba vya kulala wao na watoto wao, na dola milioni 2.5 kwa maneno ya chumbani. Malipo yakaribiana, lakini kelele zapitana kama mbingu na ardhi. Kwa nini? Sababu waijua kila mwenye duka. Neno lile lilitishia biashara ya matajiri, na kitendo kile kiliwaumiza wapangaji tu. Ulimwengu haukughadhibika kwa sababu mtu amedhulumiwa, uligadhibika kwa sababu umeaibishwa. Na anayeghadhibika kwa aibu hutulia pindi aibu inapofutika, ijapokuwa dhulma ingali pale pale.

Tena kuna jambo la tatu, na hilo ndilo lililoponyoka katika jawabu langu la siku ile. Mtu hafiki uzee na dharau kama hiyo moyoni pasi na kuonekana. Walikuwako marafiki waliokula naye, makarani waliomfanyia kazi, wenzake wenye timu, na wale waliopokea fedha zake na kumvisha sifa. Hao hawakuhitaji kupanda ukuta wa mtu. Walikuwa ndani, kwa idhini yake. Haki ya kusikia walikuwa nayo, na wajibu wa kujibu ulikuwa juu yao. Laiti mmoja wao angalimkabili uso kwa uso, akamwambia kwamba analolisema ni ovu na analolitenda ni ovu zaidi, lingalibaki katika mipaka ya nasiha. Watu wa karibu wanaponyamaza, jambo huangukia mikononi mwa watu wa mbali, na watu wa mbali hawana ila mawe. Ndiyo maana nasema: kati ya kufichua na kunyamaza kuna njia ya tatu, nayo ndiyo aliyotufunza Mtume, kumzuia ndugu yako mwenye kudhulumu kwa kumshika mkono.

Nasi je, watu wa pwani? Hadhi ya utumwa ilifutwa na sheria katika pwani yetu mwaka 1907. Yamepita zaidi ya miaka mia, na maneno ya enzi ile yangali yatoka vinywani mwetu barazani, baina ya sala ya magharibi na ya isha, na watu wacheka. Tuna wenye nyumba ambao akija mtu wa asili wasiyoipenda humwambia chumba kimekwisha chukuliwa, na siku ya pili chumba kile kile wampa mwengine. Tena tunayo kafaa, mlango wa fiqhi uliokusudiwa kumhifadhi mwanamke na madhara, tukaugeuza kuwa ngao ya kiburi cha rangi na ukoo. Ilhali twasoma katika Sahihi Muslim kwamba Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alishauriwa na Mtume mwenyewe aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kwanza hakumpendelea. Kisha akatii, na akaiona kheri katika ndoa hiyo.

Nami sina ruhusa ya kuyasema haya nikajitoa nje. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka posa kwa niaba ya mwanafunzi wangu mmoja, hafidhi wa Kurani, mwenye kazi yake na tabia njema. Mwenye nyumba ni mtu mkarimu, na mazulia ya madrasa yetu yalitoka mkononi mwake. Alinikaribisha, akanipa kahawa, kisha akatamka juu ya bibi yake kijana yule na juu ya ngozi yake neno ambalo sitaliandika. Tulikuwa wawili tu. Nikainamisha macho, nikanywa kahawa yangu, nikatoka. Kijana alikuwa akinisubiri nje ya msikiti. Nikamwambia kwamba binti angali yuasoma.

Waona basi kwamba sikuhitaji kwenda Los Angeles kutafuta waliomnyamazia tajiri. Lau ningalilitangaza neno lile mjini, ningalikuwa mfitini. Lakini kulisikia nikanywa kahawa, na kuliongezea uwongo wangu, hilo sharia haikuniruhusu hata chembe. Kilichonifunga ulimi si sitara ya Muislamu, ni mazulia.

Baada ya darsa ile nilikwenda kwa kijana nikamwomba radhi kwa uwongo wangu, na neno lenyewe sikumtajia. Akaniambia kwamba alijua tangu siku ile ile, kwani sikumtazama machoni. Kisha nikaenda kwa mwenye nyumba, nikamwambia nililopaswa kumwambia mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniaga kwa adabu. Mchango wake wa madrasa haujaja tena, nasi twasoma juu ya mikeka.

Basi, ndugu zangu, tusingojee ulimi wa mtu unaswe ndipo tujue kuwa dhulma ni dhulma. Mwenye nyumba ya kupangisha na ajihesabu leo kwa watu aliowarudisha mlangoni. Mwenye binti na ajiulize aliyemkataa amemkataa kwa dini yake au kwa ngozi yake. Na aliyeketi barazani akasikia neno la ujahiliya na aseme pale pale, kwa upole, angali bado ni mtu wa karibu. Wabillahi tawfiki.