Nani Ameufunga Mgongo wa Mama?



Siku ya soko hapa Bunyakiri, njia zote zinazoelekea Bulambika zinajaa mama. Mihogo, ndizi, mawese, makala na kuni, vyote vinasafiri juu ya mgongo, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Halafu siku moja mama anainama kuinua mzigo wake, na kitu kama moto kinashuka toka kiunoni, kinapita takoni na nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo. Hawezi tena kusimama vizuri. Jioni jamaa wanakusanyika. Ulizo la kwanza si "Ulibeba kilo ngapi?" bali "Nani amekuroga?" au "Umemkosea Mungu wapi?" Tuangalie kama ulizo hilo ni la haki.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Uti wa mgongo ni mifupa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na sehemu ya kiunoni ina mifupa 5. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu kama mto mdogo, mgumu nje na laini ndani. Mto huo unachakaa kwa miaka. Mtu akiinama na kujipinda na mzigo mzito, unaweza kupasuka, na ule ulaini wa ndani ukatoka na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo sababu jeraha liko kiunoni, lakini maumivu na ganzi vinasikika mguuni. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, waliandika jambo hili wazi kutokana na wagonjwa waliopasuliwa. Uzee nao una sehemu yake, na vilevile mwili tuliorithi kwa wazazi. Lakini mzigo ni jambo ambalo mikono yetu inaweza kupunguza.

Mtu mwingine atasema: "Je, Injili ya Luka, sura ya 13, haisemi kwamba yule mwanamke aliyepinda miaka 18 alifungwa na Shetani?" Ndiyo, inasema. Lakini angalieni Bwana alifanya nini. Hakutafuta mchawi kati ya majirani zake, wala hakumuuliza dhambi zake. Alimwita binti wa Abrahamu. Naye alimjibu mkubwa wa sinagogi na wenzake akawakumbusha kwamba wao wenyewe hufungua ng'ombe wao siku ya sabato ili akanywe maji. Lawama haikumwangukia mgonjwa. Iliwaangukia wale waliomhurumia mnyama kuliko mwanadamu. Na sisi je? Mbuzi akichechemea tunamwacha apumzike. Mama akichechemea tunamfunga kitunga.

Mwaka 1967, shirika la kimataifa la kazi lilikutana Geneva na kuweka shauri kwamba mwanaume mzima anayebeba kwa mwili wake asipewe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe mzigo ulio mwepesi zaidi sana. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Basi mama anayepandisha mlima na mfuko wa namna hiyo, mtoto akiwa kifuani, amebeba karibu na kile walichokiona kuwa mwisho kwa mwanaume. Tusisahau pia miaka ya vita tangu 1996, watu walipokimbilia msituni na mali yao mgongoni, na wengine walipolazimishwa kubebea wenye silaha. Migongo mingi ya Bunyakiri ilianza kuumia siku hizo.

Habari njema ni hii: wagonjwa wengi wanapata nafuu bila kupasuliwa, mara nyingi katika majuma 6 mpaka 12. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Afadhali kutembea polepole, kutafuta namna ya kulala isiyoumiza, na kuchukua dawa ya maumivu aliyoandika daktari. Asiinue kitu kizito wala kujipinda. Asikubali kukanyagwa mgongo, wala kudungwa sindano na mtu asiyejua kazi, kwa maana sindano mbaya ya takoni yenyewe inaweza kuharibu mshipa wa mguu. Lakini akishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikitoka bila kujua, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja, au mguu ukilegea, apelekwe hospitali siku ileile. Kama ana homa, anakonda, au alianguka, aende bila kukawia: kifua kikuu nacho kinakula mifupa ya mgongo.

Daktari atamwambia: "Usibebe tena mzito." Naye mama atajibu moyoni: "Watoto watakula nini?" Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Shauri la daktari linasemwa kwa mgonjwa, lakini halitimizwi na mgonjwa peke yake. Mume asipochukua kitunga kwa sababu anaogopa kuchekwa, shauri hilo ni maneno matupu. Mfanyabiashara asipogawa mfuko mmoja kuwa mizigo miwili, ni maneno matupu. Na tukihamisha mzigo toka kwa mama kwenda kwa binti wa miaka 12, hatukufungua kitu, tumefunga mgongo mwingine. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wabebeane mizigo. Huko njiani tunaweza kulitii agizo hilo kwa kilo.

Na maombi? Tuombe, tena sana. Nabii Isaya alimletea mfalme Hezekia neno la uponyaji toka kwa Mungu, na yeye huyohuyo aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Hakuona kwamba dawa inapunguza unabii. Basi anayewekewa mikono leo asione haya kwenda hospitali kesho. Na sisi tunaomwombea, tukisema "Amina", tumuulize: kuni za juma hili ataleta nani, na nani atakwenda sokoni kwa ajili yake?

Bwana awabariki.