Kiini cha Yai na Sura ya Mfanyakazi

Mchoraji wa tempera hupasua yai, hukitenga kiini na ute, akakichanganya na maji na rangi ya unga, kisha akapaka juu ya ubao uliosiribwa kwa chaki na gundi. Mchanganyiko huo hukauka upesi mno; kivuli cha shavu moja hujengwa kwa mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine, pengine kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili: sanaa ya taratibu namna hii itamwonyeshaje mtu aliye kazini, ilhali ili achorwe inambidi aiache kazi yenyewe?

Riwaya haina shida hiyo. Katika Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, mchukuzi wa bandarini husimuliwa na mzigo ungali begani. Mchoraji humwomba autue.

Cennino Cennini, Mwitaliano aliyeandika mwongozo wa uchoraji yapata mwaka 1400, alishauri kiini cheupe cha kuku wa mjini kitumike kwa nyuso za vijana, na chekundu cha kuku wa shamba kwa nyuso za wazee na za watu wenye rangi iliyokoza. Huu waweza kuonekana ushauri wa kiufundi tu, lakini umebeba hukumu: mtu huchaguliwa yai lake kabla hajaketi.

Andrew Wyeth wa Marekani (1917–2009) hakuchora aina za watu bali majirani zake. Hata hivyo, katika Christina's World (1948), Christina Olson, mwenye umri wa miaka 55 na asiyeweza kutembea, aliazimwa kiwiliwili cha Betsy, mke wa mchoraji aliyekuwa kijana. Yawezekana kudai kwamba hiyo ilikuwa huruma, kwani mgonjwa hakusumbuliwa. Utetezi huo ni nusu tu. Kumwepushia mtu taabu si ruhusa ya kumbadilishia mwili.

Alvaro, nduguye Christina, alikuwa mkulima. Yeye alikubali kuketi mara moja tu, kwa ajili ya Oil Lamp (1945), kisha akakataa. Ukataaji huo una uzito wa kihakiki kuliko sifa nyingi alizomiminiwa Wyeth: mkulima aliijua thamani ya saa zake. Mwaka 1968, ndugu hao wawili walipokwisha kufariki, Wyeth alichora Alvaro and Christina. Hamna uso hata mmoja. Ni milango na vyombo vyao vya nyumbani, tena kwa rangi ya maji, ambayo haimngoji mtu.