Nani Alimuua Mama wa Hadithi Yangu?

Hadithi yangu ya kwanza kufika Masasi haikwenda kwa posta wala kwa intaneti. Ilitoka Newala simu kwa simu, bila vocha na bila mnara. Nilimrushia rafiki yangu pale stendi, naye akamrushia konda, kwa sababu konda alimpa nyimbo mbili na yeye hakuwa na cha kulipa. Baada ya hapo sijui.

Wiki tatu baadaye nilishuka Masasi kwa mjomba. Kijiweni kijana mmoja akaniambia, "Mshikaji, soma hii kitu, utalia." Nikasoma. Loo! Ilikuwa yangu. Jina la juu lilikuwa la mtu nisiyemjua, na yule mama niliyemwacha hai ukingoni mwa Shimo la Mungu, akilitazama bonde la Ruvuma, alikuwa ameuawa katika aya ya mwisho.

Hapo ndipo swali liliponishika: nimdai nani? Hakuna ofisi iliyoibeba hadithi ile. Waliibeba watu, na kila mmoja alikuwa posta kwa dakika chache.

Wanaoijua kompyuta wameliona tatizo hili zamani. Tangu miaka ya 1970 Wamarekani walijaribu redio za kijeshi zinazopelekeana ujumbe zenyewe, maana vitani mnara hupigwa mapema. Katika mtandao wa namna hiyo kila kifaa ni mtumaji, mpokeaji na mpagazi wa mizigo ya wenzake. Uzuri wake ndio kidonda chake. Kifaa kimoja kinaweza kutangaza kwamba njia fupi inapita kwake, kikapokea ujumbe wote na kuumeza; wenyewe hukiita shimo jeusi. Huku kwetu tunamjua sana mtu huyo: "Mimi nashuka Masasi leo leo, nipe hiyo barua." Yupo na kifaa kinachochoka kubeba vya wenzake kwa kuhurumia betri yake. Yupo na mmoja mwenye majina kumi.

Binamu yangu, ambaye amesoma mambo haya, alinicheka. "Si ungeifunga kwa nywila?" Sawa, lakini hadithi iliyofungwa nani ataisoma? Katiba yetu, Ibara ya 16, inayapa hifadhi mawasiliano binafsi ya mtu. Yangu hayakuwa binafsi. Niliyatupa njiani nikiomba yaokotwe. Nilitaka kila mtu asome na asiwepo hata mmoja wa kugusa. Ukifikiri vizuri, ni ombi la ajabu kidogo kumwomba mtu usiyemjua.

Binamu akasema ipo dawa: sahihi ya kidijitali. Haifichi kitu, ila mtu akibadili hata mkato mmoja, itamuumbua. Nikafurahi, kisha nikamwuliza: pale Masasi nani anaijua sahihi yangu? Akanyamaza. Lazima awepo mtu tunayemwamini sote wawili, wa kusema "naam, hii ni yake". Basi ile ofisi tuliyoikimbia imerudi kwa mlango wa nyuma! Laini zetu tulitakiwa kuzisajili kwa alama za vidole, na mwaka 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Lakini simu mbili zikirushiana stendi hakuna anayeuliza laini. Simu hujiita vyovyote mwenyewe apendavyo. Ya rafiki yangu inajiita Mfalme wa Korosho, na hana hata mkorosho mmoja.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza ulinzi: ukishampa jirani ujumbe, tega sikio usikie kama naye ameupeleka mbele. Asipoupeleka mara nyingi, mkwepe. Wenyewe walikiri kwamba sikio hukosea. Mawimbi yakigongana, aliyepeleka anaonekana hakupeleka, na mtu mwema anaandikwa mhaini.

Mimi nilimwandika yule konda. Mwezi mzima nilimnunia, nikipanda gari lake simsalimii. Ushahidi? Sina. Alikuwa tu mtu wa mwisho niliyemfahamu kwa sura.

Sasa nikiri, maana nimeanza. Ndani ya simu yangu kulikuwa na hadithi ya dada mmoja wa Newala. Aliniambia, "Kaka, ukifika Masasi wape na wenzako." Sikuwapa. Nilijisingizia betri. Ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri kuliko yangu, na nilitaka wasome yangu kwanza. Miezi minne ilikaa humo. Aliyemuua mama yangu angalau alimfikisha Masasi, na yule kijana wa kijiweni anaapa kwamba kifo kile ndicho kilichomliza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kijiweni nikaifungua ile ya dada nipate kuirusha. Jina lake lipo juu. Katika mstari wa pili ameandika "mahindi" mahali ambapo, kwa maana ya sentensi, alikusudia "muhindi", yaani mmea mmoja tu. Kosa dogo, na kila atakayesoma atajikwaa pale. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya neno. Yule kijana akaniuliza, "Vipi, mbona huirushi?"

Nikaliacha lilivyo, nikairusha.