Fundi Aliyetaka Kuirusha

Kijana ninayemsimulia hapa nimemtunga. Kanuni zilizomkwamisha sikuzitunga, na wanajeshi waliojikwaa kwenye kanuni hizohizo huwezi kuwakosa, uwe Norfolk au San Diego.

Alitoka Moshi akiwa na miaka 24, kwa grini kadi ya bahati nasibu, na mwaka uliofuata akajiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani. Wakampa ufundi wa helikopta aina ya Seahawk, kituo Norfolk, Virginia. Akaifungua na kuifunga mashine ile mpaka sikio lake likawa linatambua beringi inayoanza kuchoka kabla kipimo hakijasema. Usiku kucha anakesha chini ya injini, tochi ameibana kwa meno, mkono umezama hadi kwapani. Asubuhi anakuja rubani mdogo kuliko yeye, ametoka kuoga, anatia saini kwenye daftari la ndege na kuondoka nayo. Basi akaanza kuwaza kiti kile.

Rubani wa wanamaji huwa afisa wa kamisheni, na afisa huyo hutakiwa shahada. Yeye alikuwa na cheti cha kidato cha sita. Lakini Jeshi la Nchi Kavu lina mlango wake: marubani wake wengi wa helikopta ni maafisa wateule (warrant officers), na shahada si sharti kwao. Tena Black Hawk ya nchi kavu na Seahawk ya wanamaji ni ndugu wa tumbo moja, zote za Sikorsky. Ukizijua bolti za hii, ile hutaiogopa. Masharti aliyaandika kwenye daftari: uraia wa Marekani, alama 110 katika sehemu ya jumla ya mtihani wa kijeshi, mtihani wa urubani unaoitwa SIFT, vipimo vya afya, kibali cha usalama, na umri usiozidi miaka 33 siku bodi inapokaa kuchagua. Alikuwa na miaka 27. Akaona muda upo tele.

Kwanza uraia. Marekani humrahisishia mwanajeshi njia hiyo, na Mkenya waliyelala naye chumba kimoja alikula kiapo bila wasiwasi, maana Katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Baba mkubwa akapiga simu: "Mwanangu, kihamba cha babu yako utakirithi ukiwa mgeni?" Mgeni hamiliki ardhi Tanzania kama mwenyeji, na kwa Mchaga kihamba, shamba la ukoo, ndipo walipolala wazee. Hapo simlaumu hata kidogo kwa kusita. Namlaumu kwa kusita bila kuitazama kalenda, kwa sababu alipokula kiapo alikuwa na miaka 30.

Kosa kubwa zaidi aliletewa na mtu mwema. Kaka mmoja wa Tanga, aliyewahi kuwa mwanamaji kabla ya kuhamia nchi kavu, alimwambia: "Umri usikutie presha, mdogo wangu. Mimi nilihama nina miaka 38, wakanitolea miaka yote niliyotumikia." Kaka alisema kweli. Mwanajeshi wa zamani anayeandikishwa upya hupunguziwa umri kwa miaka aliyokwisha kutumikia, na kaka huyo alikuwa amehamia kuwa askari wa ugavi. Kiti cha rubani wa nchi kavu hakina hesabu hiyo. Mwenye miaka 33 na wiki moja huhesabiwa hivyo hivyo hata kama kumi kati ya hiyo aliitumia jeshini. Ushauri wa kweli uliohamishwa mahali pasipo pake ni mgumu kuukataa, kwa sababu shahidi mwenyewe amesimama mbele yako akiwa na sare.

Kijana akatulia. SIFT akaiendea na miaka 31, baada ya kusoma juujuu. Mtihani huo mtu huruhusiwa kuufanya mara mbili tu maishani, na atakayefaulu haruhusiwi kurudia ili aongeze alama. Alama ya kufaulu ni 40. Akapata 43. Wenzake wakampongeza, kumbe ingekuwa heri angepata 39 na kurudi na ya 60, maana sasa 43 imemganda.

Ikafuata karatasi ambayo mwanajeshi anayehama tawi huipata na raia hajui kama ipo: fomu namba 368, ambamo jeshi, kupitia mkuu wa kikosi, linakubali kumwachia mtu wake ikiwa jeshi jingine litamtaka. Kwenye fomu ile kuna mstari wa tarehe ya mwisho wa ruhusa. Kijana aliutazama kama unavyotazama tarehe kwenye risiti. Bodi ya kwanza ikamwona anastahili lakini ikawachagua wengine. Jalada lake likasogezwa kwenye bodi inayofuata. Katikati hapo kikosi kikaenda safari ya miezi baharini, ruhusa ikaisha, na mkuu aliyeitia saini akahamishwa. Mkuu mpya alikuwa na uhaba wa mafundi, na fundi mwenyewe alikuwa bora kikosini. Fomu ikakaa kwenye trei ya karani. Iliposainiwa, kijana alikuwa ameshavuka 33. Akaomba msamaha wa umri, ambao jeshi hutoa likipenda. Kwa alama 43 hakuwa na cha kuwashawishi.

Wengi wakisikia kisa cha namna hii husema jeshi lina roho mbaya. Sioni hivyo. Tangu Oktoba 2020 rubani wa nchi kavu hudaiwa miaka 10 ya utumishi baada ya mafunzo, na mafunzo yenyewe hula zaidi ya mwaka. Upande wa Jeshi la Anga, watafiti wa taasisi ya RAND walikadiria mwaka 2019 kwamba kumfundisha rubani wa F-16 hugharimu dola milioni 5.6, na wa F-22 zaidi ya milioni 10. Anayetoa fedha hizo atauliza atamtumia mtu kwa muda gani. Na namba za umri hazikai palepale: Jeshi la Anga lilikuwa likikomea miaka 30, likapandisha hadi 33. Siku inayohesabiwa nayo hutofautiana. Nchi kavu hutazama siku ya bodi, wanamaji siku ya kupewa kamisheni. Mtu anaweza kuwa kijana kwa jeshi moja na mzee kwa jingine ndani ya wiki hiyohiyo.

Kilichomwangusha zaidi ni mpangilio. Uraia hauchakai, na alama za SIFT hazichakai; hivyo vilitakiwa kumalizwa mapema, na mtihani usomewe kama unafanywa mara moja tu. Vipimo vya afya na fomu 368 vina mwisho, kwa hiyo vilipaswa kufuata tarehe za bodi, pamoja na ratiba ya meli, na mkuu wa kikosi aombwe tarehe inayovuka bodi mbili. Na swali la umri alipaswa kuliuliza kwa afisa anayeandikisha marubani, kwa maandishi.

Sasa ametoka jeshini na anasomea urubani wa kiraia. Fedha za GI Bill, mpango wa kuwalipia masomo waliotumikia jeshi, hazilipii leseni ya kwanza katika shule za kawaida za urubani, kwa hiyo leseni hiyo ameilipa kwa akiba ya mshahara wa fundi. Leseni ya biashara ya Marekani haina ukomo wa juu wa umri. Ni katika mashirika makubwa ya ndege ndipo sheria humsimamisha rubani akifikisha 65.